Simu Ilale Nje ya Chumba

SWALI: Daktari, binti yangu ana miaka 15. Alikuwa mchangamfu, lakini tangu apate simu yake mwenyewe amekuwa mkimya na husinzia darasani. Juzi saa nane usiku nilimkuta amejifunika shuka gubigubi, mwanga wa simu ukipenya kwenye kitambaa. Je, nimnyang'anye?

JIBU: Pole sana, mama. Usimnyang'anye kwanza, anza na huo usiku, kwa kuwa hapo ndipo madhara yanapoonekana waziwazi. Kijana wa umri wake anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10, na anayelala saa nane usiku akaamshwa saa kumi na mbili asubuhi amepata nusu tu ya kiwango cha chini. Usingizi ukipungua, hasira, huzuni na wasiwasi huongezeka, hata kwa kijana ambaye hakukutana na lolote baya mtandaoni. Mwanga wa kioo huchangia kuchelewesha usingizi, lakini kwa maoni yangu kinachomkesha zaidi ni video zisizokwisha, moja ikifuata nyingine bila kuombwa, pamoja na jumbe za marafiki ambazo kutozijibu huonekana kama kuwasusa.

Mwaka 2023, Vivek Murthy, aliyekuwa Mganga Mkuu wa Marekani, alitahadharisha kwamba vijana wanaotumia mitandao ya kijamii zaidi ya saa 3 kwa siku wamo katika hatari maradufu ya kupata matatizo ya afya ya akili, zikiwemo dalili za sonona. Hilo si dogo, ingawa halithibitishi kwamba simu ndiyo chanzo, kwani mwenye huzuni naye huikimbilia simu. Kwa hiyo nakusihi umuulize, bila ukali, kinachomkesha. Huenda anadhihakiwa kwenye kundi la wanafunzi wenzake, au anahesabu waliopenda picha yake na waliopenda ya mwenzake. Ukimpokonya simu leo, akitukanwa kesho atakuficha.

Simu zote za nyumbani, yako ikiwemo, zichajiwe sebuleni kuanzia saa tatu usiku, na umnunulie saa ya kengele, maana atasema simu ndiyo humwamsha. Atanung'unika, vumilia. Zikipita wiki mbili bado amejitenga, mpeleke kwa mshauri nasaha au daktari. Akitamka kutaka kujidhuru, mpeleke siku hiyohiyo, na usimwache peke yake.