Haroun Tazieff na ziwa la lava la Nyiragongo

Kwa aliyeuliza ni nani aliyetangulia kulichunguza kwa karibu ziwa la lava (mwamba ulioyeyuka) la Nyiragongo, volkano iliyoko mashariki mwa Kongo, jina la kutajwa kwanza ni Haroun Tazieff, aliyezaliwa Warsaw mwaka 1914, akasomea kilimo na jiolojia nchini Ubelgiji, kisha akaenda Kongo kufanya kazi ya jiolojia. Mlipuko wa volkano ya Kituro wa mwaka 1948, kaskazini mwa Ziwa Kivu, ndio uliomfungamanisha na volkano maisha yake yote. Mwaka huohuo aliliona ziwa la lava ndani ya kasoko ya Nyiragongo, na baadaye alirudi mara kadhaa pamoja na wenzake, wakashuka humo kuchukua sampuli za gesi. Kwangu mimi huo ndio mchango wake mkubwa kuliko hata filamu zake, kwa sababu gesi ndiyo inayoisukuma lava juu, na mabadiliko yake huweza kuashiria mlipuko unaokuja. Mwaka 1976 alipinga hadharani kuhamishwa kwa watu zaidi ya 70,000 kule Guadeloupe, kisiwa cha Ufaransa katika Karibi, kwa hofu ya mlipuko wa volkano ya La Soufrière. Mlipuko mkubwa uliohofiwa haukutokea, ingawa yeye alipoteza wadhifa wake katika taasisi ya sayansi ya dunia mjini Paris. Alifariki mwaka 1998.