Mgeni akibonyeza kurudi, aende wapi?

Mdogo wangu unayeanza kutengeneza programu za wavuti za simu hapa Lamu, karibu. Wateja wako wa mwanzo watakuwa wenye nyumba za wageni na wenye mashua, na watakuletea lalamiko hili: mgeni akibonyeza kurudi, anapotea. Lichukulie kwa uzito, maana mgeni akishapotea haulizi. Anafunga na kutafuta nyumba nyingine.

Angalia anavyoingia. Ni nadra aanzie ukurasa wa mbele. Mwenye nyumba wa kijiji cha Shela amemtumia kiungo kwa WhatsApp, amebonyeza, ameona chumba moja kwa moja. Sasa anataka kuona vyumba vingine, anagusa mshale wa kurudi ulioufunga kwenye history.back(), amri ya kivinjari ya kurudi ukurasa mmoja nyuma. Nyuma hakuna ukurasa wako hata mmoja, kwa hiyo mshale haufanyi kitu, au unamtoa nje kabisa.

Wengi hapo hukimbilia document.referrer, mahali kivinjari kinapoweka anwani ya ukurasa mgeni aliotoka. Kwa kujua wageni wametoka tovuti gani inafaa. Kwa mshale wa kurudi, iache. Kiungo kikifunguliwa kutoka programu nyingine ya simu, mara nyingi huwa tupu. Tena hujazwa ukurasa unapopakiwa tu: ukibadili kurasa kwa pushState (amri inayoongeza ukurasa kwenye historia ya kivinjari) bila kupakia upya, mgeni atapita orodha, chumba na malipo, nayo itabaki na jibu la mwanzo. Na tangu 2020, Chrome hutaja jina la tovuti nyingine aliyotoka bila njia kamili ya ukurasa. Usitegemee history.length pia, yaani idadi ya kurasa zilizo kwenye historia. Huhesabu hata kurasa za tovuti nyingine za kichupo hicho, na haipungui mtu akirudi nyuma.

Weka kumbukumbu yako mwenyewe, na mahali pazuri ni history.state, data ndogo ambayo kivinjari hukutunzia kwa kila ukurasa ulio kwenye historia. Programu inapofunguka, tazama kama iko tupu. Ikiwa tupu, tumia replaceState (hubadilisha ukurasa uliopo kwenye historia bila kuongeza mwingine) kuandika hatua 0. Usiandike 0 bila kutazama, kwa sababu mtu akipakia ukurasa upya state yake hubaki, nawe utamfutia njia aliyopita. Kila anapohamia ukurasa mpya, pushState yako ibebe hatua iliyoongezwa moja pamoja na anwani ya ukurasa anaotoka. Akirudi kwa kitufe cha simu yenyewe, tukio la popstate litakupa state ya ukurasa aliorudia, na hesabu inabaki sawa. Naipenda njia hii kuliko orodha ndani ya sessionStorage (hifadhi ya muda ya kichupo), ambayo ni lazima uipunguze wewe kila anaporudi, na ukisahau mara moja inapishana na historia ya kivinjari.

Mshale sasa una kanuni rahisi. Hatua ikizidi 0, rudi nyuma. Ikiwa 0, mpeleke kwenye ukurasa mzazi: chumba kwenye orodha ya vyumba, safari ya mashua kwenye orodha ya safari. Hapo tumia replaceState, la sivyo kitufe cha simu kitamrudisha chumbani.

Malipo yanataka uangalifu zaidi. M-Pesa ikishathibitisha, risiti ichukue nafasi ya ukurasa wa malipo kwenye historia, asije akarudi akalipa tena. Na seva nayo ikatae oda ileile mara ya pili, maana ulinzi wa fedha za watu hauwezi kuachiwa mshale.

Kama kurasa zako hupakiwa nzimanzima, sikiliza pageshow, tukio linalotokea kila ukurasa unapoonyeshwa. Kivinjari kinaweza kurudisha ukurasa kutoka kumbukumbu yake, na chumba kilichokwisha kuchukuliwa kikaonekana bado kiko wazi. Ukiona persisted, alama ya kwamba ukurasa umetoka kwenye kumbukumbu hiyo, ni kweli, uliza seva upya.

Vijana wengi hujaribu kwenye Android pekee, yenye njia yake ya kurudi. Programu ikiwekwa kwenye skrini ya mwanzo ya iPhone, upau wa kivinjari hauonekani, na mshale wako ndio mgeni atakaoutafuta. Kabla ya kumkabidhi mwenye nyumba kazi, jitumie kiungo cha chumba kwa WhatsApp, kifungue kwa simu zote mbili, uguse mshale kwanza kabla ya kitu kingine chochote. Kisha ingia ndani kurasa kadhaa, pakia upya, uguse tena.