Jibu: Umefuta logi, lakini /var bado imejaa 100%
Kaka, umeuliza mbona /var (sehemu ya diski ya Linux zinapokaa logi, yaani mafaili ya kumbukumbu za programu) bado imejaa: zile GB 12 za logi ulizofuta hazijaondoka. Amri ya rm huondoa jina tu. Programu ikiwa bado imelifungua faili, nafasi hairudi. Ukiwa root (msimamizi mkuu wa mfumo), andika lsof +L1, inayoorodhesha mafaili yaliyofutwa ila bado yamefunguliwa, uone ni programu gani imelishika, kisha uanzishe upya huduma hiyo peke yake, si mashine nzima. (Mimi niliizima seva yote hapa Goma, kule Birere, umeme ukakatika palepale, wateja walininunia mpaka jioni.) Siku nyingine logi inayoandikwa usiifute, imwage ibaki tupu kwa truncate -s 0 na jina la faili. Na siku mashine ikilalamika imejaa ilhali df inaonyesha nafasi ipo, tazama df -i: vifaili vidogo vikizidi humaliza inodi (rekodi ambayo kila faili huhitaji moja) ilhali nafasi ingalipo.