Kaeni na mtoto wakati kalamu ingali mkononi mwake

Wiki iliyopita mliuliza: "Kwa nini mtoto anayefaulu Kiswahili anashindwa kuandika ukurasa mmoja wa kwake mwenyewe?" Nafundisha darasa la tano katika shule ya msingi kando ya Ziwa Victoria, upande wa Mwanza, na jibu langu ni hili: anashindwa kwa sababu hatujampa nafasi ya kuandika. Tumempa imla. Tumempa mwandiko na nafasi za kujaza. Hata kwenye mtihani wa darasa la saba, kwa miaka mingi sehemu ya utungaji imekuwa ni sentensi zilizovurugwa ambazo mtoto anazipanga kwa herufi A, B, C na D. Sentensi zote zimetungwa na mtu mzima. Mtoto anaweza kuzipata zote bila kutunga hata moja.

Na siku tunayomwambia atunge, tunaandika kichwa cha habari ubaoni, tunampa kipindi kimoja, tunakusanya madaftari. Yanarudi wiki inayofuata yamejaa wino mwekundu. Mtoto anatazama alama aliyopata, anafunga daftari, basi. Masahihisho yote yale hayamsaidii, maana habari yenyewe alishaachana nayo. Ndiyo maana nusu ya darasa inakuletea insha ileile: siku ilikuwa Jumamosi, jua liliwaka, ndege waliimba, tukaenda kutembelea mbuga ya Serengeti. Wengi wao hawajafika Serengeti. Wanakokujua ni mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inaposhusha samaki.

Kuna njia nyingine, na huko Marekani ina miaka mingi. Wanaiita warsha ya uandishi. Mmoja wa waliofungua njia hiyo ni Donald Murray, mwandishi wa magazeti aliyepata Tuzo ya Pulitzer mwaka 1954, kisha akaenda kufundisha Chuo Kikuu cha New Hampshire. Yeye alijua kutoka chumba cha habari kwamba habari haiandikwi mara moja ikaisha. Inaandikwa, inasomwa na mwenzako, inarudiwa. Mwenzake chuoni hapo, Donald Graves, akaanza mwaka 1978 kukaa na wasaidizi wake katika shule moja ya msingi kwenye mji mdogo wa Atkinson, wakawatazama watoto wakiandika kwa miaka miwili. Waliona kwamba hata mtoto mdogo anaweza kujichagulia jambo la kuandika na kulirudia, ili mradi apate muda na mtu wa kumsikiliza. Baadaye Nancie Atwell, mwalimu wa jimbo la Maine aliyewafundisha watoto kwa njia hii, ndiye aliyekuwa wa kwanza kupata Tuzo ya Mwalimu Bora Duniani, mwaka 2015, ile ambayo Mkenya Peter Tabichi aliipata mwaka 2019. Dola milioni 1 alizopewa, Atwell alizitoa kwa shule yake.

Darasani kwangu mambo huwa hivi. Dakika kumi za mwanzo nafundisha jambo moja tu, mathalani namna ya kuweka alama za usemi mtu anapoongea, na mfano nautoa kwenye kazi ya mmoja wao, kwa ruhusa yake. Kisha wanaandika, kila mtu habari yake. Dakika za mwisho wawili au watatu wanasoma mbele ya darasa. Lakini kiini kiko pale katikati, wanapoandika, maana ndipo ninapopita kwenye madawati.

Mvulana mmoja aliandika: "Mvua ilinyesha. Tukaanua dagaa." Akaniambia amemaliza. Nikachuchumaa kando ya dawati lake, nikamuuliza nani aliliona wingu kwanza. Akasema hakuna aliyeliona, bibi alisikia harufu ya mvua. Mlianua kwa kitu gani? Kwa fagio na mabeseni, na mabeseni yalipojaa mdogo wake akavua shati wakamimina humo. Na wale waliolowa? "Walichukuliwa na watu wa chakula cha kuku, mwalimu. Hata hela ya karabai, zile taa za kuvulia usiku, haikurudi." Sikumwandikia chochote. Nilimwambia tu kwamba hayo yote mimi nimeyasikia, ila atakayesoma daftari lake hatayapata, nikaenda dawati jingine. Kipindi kilipoisha alikuwa amejaza ukurasa, na sentensi ya kwanza ilisomeka: "Bibi alinusa mvua kabla hatujaiona." Mimi sina kichwa cha habari cha kuandika ubaoni ambacho kingeitoa sentensi hiyo.

Najua mtakaloniuliza, walimu wenzangu: watoto 80, utawafikia lini? Nami ninao zaidi ya 80. Mazungumzo na mtoto mmoja ni dakika mbili au tatu, kwa hiyo kila kipindi nawafikia sita au saba. Waliobaki wana wasikilizaji tayari, kwa sababu dawati moja linakaa watoto watatu. Mmoja anasoma, wawili wanasikiliza, na kila msikilizaji lazima aulize jambo moja ambalo hajalielewa au anataka kulijua zaidi. Ukiwasikiliza utashangaa jinsi wanavyobanana kwa maswali. Wengi wao nyumbani wanaongea Kisukuma, nami nawaruhusu kusimuliana kwanza kwa lugha hiyo, kisha waandike kwa Kiswahili. Wapo wanaoona nawaharibu. Mimi naona mtoto akishaipata habari kichwani, maneno ya Kiswahili anayatafuta mwenyewe kwa bidii, na asipoyapata ananiuliza.

Jambo moja nataka lisieleweke vibaya. Kumpa mtoto uhuru wa kuandika si kumwachia makosa yake. Lisa Delpit, mwalimu na mtafiti mweusi wa Marekani, aliwakosoa watetezi wa mbinu hii tangu mwaka 1986. Alisema baadhi ya walimu wenye nia njema waliwaacha watoto weusi wajieleze tu, bila kuwafundisha waziwazi kanuni ambazo wenye nafasi zao wanazitumia kuwapima. Nakubaliana naye kabisa. Mtoto wangu anayeandika "kurara" badala ya "kulala" atachekwa na atanyimwa alama, haijalishi habari yake ni tamu kiasi gani. Kwa hiyo l na r tunazifundisha, nukta na mkato tunavifundisha, na kabla habari haijanakiliwa kwa usafi lazima isomwe mara moja kwa ajili ya makosa tu. Ila hatua hiyo ije mwisho. Ukiianza mapema, mtoto anachagua maneno asiyoweza kuyakosea, na unarudi kuletewa Serengeti.

Wazazi nao huniuliza kama haya yatasaidia kwenye mtihani. Mtihani wa darasa la saba ni kituo tu. Akifika kidato cha kwanza, karibu masomo yote yanageuka Kiingereza, na anatakiwa aeleze mambo kwa sentensi zake, katika lugha asiyoizoea. Aliyewahi kuandika kitu, akakisoma, akaona hakijakaa sawa, akakirudia, anaingia huko akijua kazi hiyo inafanywaje. Ninachowaomba walimu wakuu ni vipindi viwili mfululizo kwa wiki kwenye ratiba, na kamati za shule zisaidie kila mtoto apate daftari moja la ziada ambalo halitaguswa na wino mwekundu.