Barua kwa mwanangu: usijilaumu kwa kukosa furaha

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma, nikaurudia. Unaniuliza: “Mama, kama kweli nampenda Yesu, mbona kila asubuhi naamka na moyo mzito? Nasali, sioni badiliko. Au imani yangu imekufa?” Na kuna mtu amekwambia kwamba ungekuwa na imani ya kutosha, huzuni ingekukimbia.

Nianze na huyo. Alikutakia mema, lakini amekutwisha mzigo juu ya mzigo. Fungua 1 Wafalme 19. Nabii Eliya ametoka kuona moto ukishuka kutoka mbinguni pale mlima Karmeli, lakini malkia Yezebeli alipomtishia tu, tunamkuta jangwani chini ya mti wa mretemu akiomba afe. “Yatosha,” anamwambia Mungu. Sasa tazama alivyojibiwa. Hakukemewa wala hakuhubiriwa. Aliachwa alale. Malaika akamgusa, na kichwani pake palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akanywa, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili: “Inuka, ule, kwa maana safari hii ni kubwa mno kwako.” Maneno hayo hunikaa moyoni kila niyasomapo. Malaika hakumwambia nabii ajikaze. Alikiri kwamba safari imemzidi. Maswali ya Mungu yalikuja baadaye, Eliya akiwa ameshakula na kulala. Basi usiku ukishindwa kusali, wewe kula tu, ulale, na usijihesabie hatia.

Tena sala si lazima iwe tamu. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kuishia gizani, haina hata mstari wa shukrani mwishoni, na bado imo katika Biblia. Ukikosa maneno yako, isome hiyo kwa sauti. Bwana wetu mwenyewe kule Gethsemane alisema, “Roho yangu ina huzuni nyingi kiasi cha kufa,” akawaomba rafiki zake wakeshe naye. Walisinzia, ndiyo, lakini aliwaomba. Ikiwa yeye alihitaji watu, wewe unajifungia chumbani kwa nini?

Yule aliyepooza wa Marko 2 hatumsikii akiomba lolote. Watu wanne walimchukua, wakatoboa dari, wakamshusha, na Yesu “alipoiona imani yao” akasema naye. Imani yao, mwanangu. Siku ambazo wewe huwezi kuamini, mimi na baba yako tutakubeba. Ukija kwetu usijifanye mzima.

Sasa la hospitali. Umesema usingizi umekatika, chakula hakipiti, hakuna kinachokufurahisha, na wiki 2 zimeshapita. Hiyo huenda ni sonona, na sonona ni ugonjwa unaotibika, kwa mazungumzo na mtaalamu, kwa dawa, au kwa vyote viwili. Kumwona daktari si kumkana Mungu. Luka anaitwa na Paulo “tabibu mpendwa”. Charles Spurgeon, mhubiri aliyekusanya maelfu ya watu London katika karne ya 19, aliteswa na huzuni ya namna hii kwa miaka mingi na hakuificha. Ukipewa dawa, ujue kwamba huchukua wiki kadhaa kabla ya kuleta nafuu, na usiziache katikati bila kumuuliza aliyekuandikia.

Wazo la kufa likikujia, usingoje kukuche wala usione aibu. Nipigie saa hiyohiyo, hata usiku wa manane. Nisipopokea, mwamshe yeyote aliye karibu akupeleke hospitali.

Jumapili, kama kuimba kunakushinda, kaa tu benchi la nyuma, wengine waimbe. Ila kesho, kabla ya yote, panga siku ya kumwona daktari, kisha uniambie. Nitakuja tufuatane, nikusubiri nje wakati mnazungumza.

Mama yako