Usiweke "ruhusu zote", mkuu! Angalia DNS kwanza

Mkuu, usiihifadhi hiyo kanuni kwenye fayawali yako (kifaa kinachochuja mawasiliano ya mtandao)! Umesema pingi (jaribio la kuona kama mashine inafikika) kwenda 8.8.8.8 huko intaneti inajibu vizuri, poti 80 na 443 (milango ya tovuti) umeshafungua, lakini tovuti hata moja haifunguki ofisini. Na sasa unataka kuruhusu zote, kuingia na kutoka, "kwa majaribio tu". Hayo maneno "kwa majaribio tu" ndiyo yaliyoniliza mwaka 2019.

Shida ilikuwa hiyohiyo yako. Nikampigia fundi aliyetuuzia fayawali, akanijibu huku anatafuna: "Weka ruhusu zote juu kabisa, utafunga baadaye." Tovuti zikafunguka, bosi akafurahi, nikaenda zangu nyumbani. Kumbe kanuni husomwa kuanzia juu, na ya kwanza kulingana ndiyo inayofuatwa. Seva yetu ya uhasibu ilikuwa na anwani ya umma, na kanuni iliyoruhusu tawi letu peke yake kuingia kwa poti 3389 (mlango wa kuendesha kompyuta ya Windows ukiwa mbali) ikabaki huko chini, haifikiwi tena, kwa hiyo mtu yeyote duniani aliweza kuugonga mlango huo. Siku ya tisa asubuhi tukakuta mafaili yote yamebadilika majina, na kwenye skrini ujumbe wa kudai bitcoin. Bakapu? Ilikuwa kwenye diski iliyochomekwa kwenye seva hiyohiyo, nayo imeliwa. Wahasibu walikaa wiki sita wakiingiza upya vocha za karatasi, moja moja. Nilikuwa nawapelekea chai maana sikuwa na la kuwaambia. Na yule fundi hapokei simu mpaka leo! Mtu anakushauri uache wazi mlango wa nyumba asiyolala yeye.

Dawa yako ni ndogo. Pingi kwa namba inajibu kwa sababu haihitaji jina. Tovuti inahitaji, na DNS, huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa namba ya anwani, umeisahau. Fungua poti 53 inayotumiwa na DNS, kwa njia zote mbili za kusafirisha data, UDP na TCP, kutoka ndani kwenda nje, juu ya ile kanuni ya kukataa yote. Kama kifaa chako kinawasha NAT (kubadili anwani za ndani kuwa anwani ya umma) kwa kila kanuni, iwashe na hapo. Kutoka nje kuja ndani usiongeze kitu chochote, hata kwa dakika tano. Kisha, kwenye dirisha la amri la kompyuta ya ofisini, andika nslookup (amri ya kuuliza DNS) na jina la tovuti yoyote. Ukipewa anwani, tovuti zitafunguka.

Na kama ile ya zote umeshaiweka, ifute sasa hivi, halafu fungua logi (kumbukumbu za fayawali) uone nani amegonga 3389.