Tamthilia mpya kwa kikundi cha watu tisa

SWALI: Assalamu alaykum, Bwana Mhariri. Kikundi chetu cha maigizo hapa Wete kina wanawake wanne na wanaume watano, na kila mwaka tunarudia michezo ile ile tuliyoisoma skuli. Safari hii tunataka tamthilia mpya, khasa yenye muziki, kwa kuwa watatu kati yetu wanapiga udi, fidla na dumbaki. Tuitafute wapi, na tukishanunua kitabu, bado tunahitaji ruhusa? – Msomaji, Wete.

JIBU: Waalaykumu salaam, ndugu yetu. Naanza na ruhusa, kwa sababu hapo ndipo vikundi vingi vinapoteleza. Kitabu ulichokinunua ni chako kukisoma, lakini haki ya kukiigiza mbele ya watu inabaki kwa mwandishi, na kwa mujibu wa Mkataba wa Berne, makubaliano ya kimataifa ya kulinda kazi za waandishi na wasanii, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1994, haki hiyo inalindwa katika uhai wake wote na kwa miaka isiyopungua 50 baada ya kufa kwake. Mwandikieni mchapishaji, mkitaja ukumbi, idadi ya maonesho na kama mtatoza kiingilio. COSOZA, inayosimamia hakimiliki Zanzibar, inaweza kukuelekezeni, ilhali kibali cha onesho lenyewe huombwa Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni. Ruhusa ya mwandishi haisimami pahala pa kibali hicho, wala kibali pahala pa ruhusa.

Katika kuchagua, hesabuni watu kabla ya kuipenda hadithi. Kigogo ya Pauline Kea, iliyotoka mwaka 2016, ina mvutano mzuri baina ya mtawala na wanaharakati, lakini wahusika wake ni wengi, na baadhi yenu itabidi wacheze nafasi mbili. Niliwahi kuangalia onesho mjini Unguja ambapo kijana mmoja alitoka jukwaani akiwa mzee wa mtaa na akatakiwa arudi akiwa askari. Tulimsikia nyuma ya pazia akihangaika na vifungo vya kanzu, huku mwenzake amesimama peke yake jukwaani hana la kusema. Kwa hiyo, kabla ya kugawa nafasi, pimeni muda uliopo baina ya kutoka na kurudi kwa kila mchezaji. Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, inayohusu mambo ya familia, ni nyepesi zaidi kwa kikundi kidogo na inawapa wanawake kazi ya kutosha. Amezidi ya Said Ahmed Mohamed, mwenzetu aliyezaliwa Unguja, si mpya, kwani ni ya mwaka 1995, lakini imebebwa zaidi na wawili, Ame na Zidi, na mwongozaji mwenye subira atavuna mengi humo.

Kuhusu muziki, tamthilia za Kiswahili kwa kawaida huchapishwa maneno matupu, bila noti za muziki. Huko Marekani, kampuni kama Music Theatre International, iliyoanzishwa mwaka 1952, na Concord Theatricals hutoa leseni za tamthilia za muziki, za zamani na mpya. Kikundi hukodi maneno na noti, hulipia kila onesho, na hakiruhusiwi kufasiri wala kupunguza chochote bila ya idhini ya maandishi. Kwa udi, fidla na dumbaki, sioni haja ya kupita njia hiyo.

Ninachokushaurini kwa moyo wote kipo hapo hapo kisiwani kwenu. Kamange na Sarahani, washairi wakubwa wa Pemba, walifariki kabla ya mwaka 1930, kwa hiyo mashairi yao yamekwishatoka katika ulinzi niliouelezea. Yamo katika kitabu Kale ya Washairi wa Pemba, kilichochapishwa na Mkuki na Nyota. Maelezo ya waliokikusanya bado yana wenyewe, msiyaguse. Chagueni mashairi sita au saba, muyatilie sauti zenu wenyewe, kisha mmoja wenu aandike mazungumzo ya kuyaunganisha. Msichukue sauti ya taarabu inayojulikana, kwani mtunzi wa maneno na mtunzi wa muziki kila mmoja ana haki yake. Na kabla ya mazoezi ya kwanza, andikianeni nani ametunga nini, ili kikundi chengine kikija kuuomba mchezo wenu ijulikane nani wa kutoa ruhusa.

SWALI: Je, tunaweza kumgeuza mhusika mwanamume kuwa mwanamke ikiwa wanaume hawatoshi? – Msomaji huyo huyo.

JIBU: Mwanamke kuigiza nafasi ya mwanamume, maneno yakibaki yalivyo, kwa kawaida halina tatizo. Kumbadilisha mhusika mwenyewe, jina lake na maneno yake, ni kuibadilisha kazi ya mwandishi. Liombeni jambo hilo katika barua ile ile ya ruhusa, mkitaja ukurasa na mstari, na msianze mazoezi ya sehemu hiyo mpaka jibu lifike.